Kabla hujalipia nyumba ya kale Lamu, uliza lipu yake ni ya nini

BintiMvita (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wadau. Nimerudi Mombasa juzi kutoka Lamu, nilikwenda na mama siku nne. Kila baada ya muda mtu anauliza humu "Lamu tulale wapi", na majibu huwa yale yale: Shela, ufukweni, bwawa la kuogelea. Mimi nawaambia laleni mjini, ndani ya nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani mkipata. Ila si kila nyumba ya mawe inalalika, na hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza.

Miaka miwili iliyopita nililipia chumba katika nyumba iliyopigwa picha nzuri mno. Mlango wa nakshi, zidaka (vishubaka vya kuwekea vitu) ukutani, kitanda cha samadari na chandarua cheupe. Tulipofika, kuta zilikuwa zinatoa jasho. Nikipitisha kiganja ukutani kinarudi kimelowa. Usiku wa pili mwanangu, ambaye ana pumu, alikohoa hadi adhana ya alfajiri, tukahamia darini, juu ya paa bapa la nyumba, na mkeka. Kulipokucha nikasogeza kitanda. Lipu ya nyuma ilikuwa imevimba kama andazi, ukiigusa inabanduka bamba zima, na chini yake unga mweupe wa chumvi. Msimamizi akaniambia, "Nyumba za kale ndivyo zilivyo." Nikamwamini. Nikaondoka nimeapa kwamba nyumba za kale ni za kutazama tu, si za kulala.

Safari hii ni mama aliyetaka. Amezaliwa Faza, kisiwani Pate, utotoni alikaa Lamu mjini kwa shangazi yake, kisha akaolewa Mombasa na hakulala tena Lamu miaka arubaini na kitu. Nilipomwonyesha picha za nyumba mbalimbali kwenye simu hakuzitazama hata mbili. Akachukua simu, akampigia mzee mwenye nyumba, wakaamkuana kwa marefu yao, halafu akauliza swali moja: "Kuta mumezipiga simiti au chokaa?" Mzee akajibu, "Chokaa, bibi, na neru juu yake," yaani ile lipu laini ya mwisho. Mama akanirudishia simu. "Lipa."

Tuliondoka Mombasa alfajiri kwa basi. Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Kitambulisho kiwe karibu, vizuizi njiani bado vipo na mtashushwa. Kutoka Mokowe ni boti mpaka gati ya mji, na kwa wanaokuja kwa ndege, uwanja uko kisiwa cha Manda, mnavuka vilevile. Mizigo yetu ilibebwa kwa mkokoteni hadi vichochoro viliposhindwa, kisha mabegani.

Sasa nyumba. Mlango haufunguki moja kwa moja ndani. Kwanza kuna daka, lile kumbi dogo la nje lenye mabaraza mawili yanayotazamana, hapo ndipo unapopiga hodi na ndipo wanaume walipozungumzia. Ukiingia kuna tekani, ukumbi mdogo wa ndani, unakata kona, na ghafla uko kiwandani, yaani ua wa ndani, mbingu juu yako. Mpita njia hata mlango ukiwa wazi haoni mtu wa ndani. Mama alisimama pale kiwandani, mkono ukutani, hakusema kitu kwa muda. Mzee naye akamwacha. Hakumharakisha na funguo wala kitabu cha wageni.

Chumba chetu kilikuwa chembamba na kirefu, na nilianza kunung'unika kwamba mjenzi alibania nafasi. Mzee akanionyesha juu. Dari inashikwa na boriti, miti ya mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na zege la chokaa, uzito mkubwa. Mkoko ukipita kama mita tatu unaanza kuinama. Basi vyumba vyote vya Lamu vya zamani vina upana ule ule kwa sababu mti ndio uliopima. Kurefusha unaweza utakavyo, kupanua huwezi. Nililala chali usiku ule nikihesabu boriti, nikafika ishirini na saba usingizi ukanichukua. Saa saba ya mchana, nje jua la kuchoma, ndani tulijifunika shuka. Hakuna kiyoyozi. Ukuta unene wake ni kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa nzima.

Kilichonishika zaidi ni choo. Kuna birika la maji la kujengwa, na ndani yake wanaishi visamaki vidogo ambavyo vinakula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika, kwenye sakafu yake, kumejengewa kisahani cha kauri, buluu na nyeupe, ukingo umelika. Nikauliza kuna pambo gani chini ya maji ambalo halionekani. Mzee akasema si pambo: birika likitekwa mpaka likakauka, maji kidogo hubaki kwenye kisahani na samaki hawafi. Nilichuchumaa pale nikawatazama hata mama akanigongea mlango.

Jambo jingine, halafu niwaachie. Chumba cha wageni katika nyumba hizi si kitu kilicholetwa na utalii. Kinaitwa sabule, na mara nyingi kina ngazi yake peke yake. Wafanyabiashara waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi walingoja kusi iwarudishe, miezi mizima, na walikaa sabuleni bila kukanyaga upande wa wanawake. Kwa hiyo mtu akikukaribisha Lamu kulala kwake kwa malipo, anafanya kazi ambayo nyumba yake ilijengwa nayo.

Nililipa shilingi 4,000 kwa usiku, watu wawili, na chai ya asubuhi ndani yake: mahamri na mbaazi za nazi, siku moja mkate wa mofa. Haikuwa msimu. Maulidi na siku za tamasha la utamaduni bei hupanda na nafasi hazipatikani.

Ulizeni.

---

Mtanganyifu_Garsen

Asante kwa uzi. Umesema vizuizi, je, usiku basi linapita? Na ukichelewa Mokowe boti zipo?

---

BintiMvita

Mimi nilikwenda mchana na nakushauri uende mchana. Tulifika Mokowe alasiri, boti zilikuwepo, tena unalipa kama abiria wa kawaida ukingoja ijae. Valia jaketi la kuokolea hata kama wenyeji hawalivai. Na ukishuka gatini vijana watakupokea na kukuambia nyumba uliyolipia imejaa au imefungwa. Usibishane nao. Mpigie mwenyeji wako akufuate.

---

FundiWaLangoni

Dada, mamako anajua. Swali alilouliza ndilo swali lenyewe.

Mimi ni fundi, nimefunzwa na babangu, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kubandua simiti iliyopigwa na mafundi wengine. Ukuta wa Lamu si matofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na una matundu madogo yasiyo na idadi. Unavuta maji kutoka ardhini na unapokea chumvi ya bahari. Hilo halizuiliki na wazee hawakujaribu kulizuia. Walipiga chokaa ambayo inaruhusu maji yatoke pole pole, ukuta unakauka wenyewe kwa upepo. Ukija ukaziba na simiti, maji hayaondoki, yanapanda. Yanapanda mpaka yanakuta vichwa vya boriti vilivyolala ukutani. Pale ndipo mti unapooza, mahali pasipoonekana. Ukitazama kutoka chini unaona boriti nzima, kumbe kilichobaki ni gamba. Nimewahi kung'oa boriti namna hiyo kwa mikono mitupu, unga ukanimwagikia kichwani, na chini yake kulikuwa na kitanda cha mgeni kimetandikwa.

Kwa hiyo yule msimamizi aliyekuambia nyumba za kale ndivyo zilivyo, hakukuambia kweli. Nyumba iliyotoa jasho ilitolewa jasho.

Mtu asiye fundi atajuaje? Kwaruza pembeni kwa ukucha, mahali pasipoharibu, nyuma ya mlango. Chokaa itakupa unga mweupe, simiti itakupa kijivu na ukucha utauma. Tazama chini ya ukuta, kimo cha goti: kama lipu imevimba na rangi inameguka, huenda kuna simiti hapo. Kisha panda juu utazame kama wamebandika matangi makubwa ya maji katikati ya dari. Dari ile ilijengwa kubeba watu wanaopunga upepo, na tangi likivuja maji yanaingia moja kwa moja kwenye boriti.

Na boriti zenyewe si jina la kila mti wa mkoko. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake. Kuna watu wanatengeneza dari kwa mazio, ambazo ni nyembamba kuliko boriti, kwa sababu ni rahisi, wanapaka rangi, mgeni haoni tofauti. Baada ya miaka michache dari inashuka tumbo.

Chokaa inataka subira. Mawe yanachomwa tanurini, yanamwagiwa maji mpaka yanapasuka yawe unga, kisha yanaachwa yalale. Ukiitumia kabla haijalala vizuri itapasuka ukutani. Neru ndiyo ya mwisho, ile laini unayoisugua mpaka inang'aa kama ganda la yai. Mwenye nyumba akiniambia anataka kazi iishe Ijumaa kwa kuwa wageni wanakuja Jumamosi, namwambia atafute mwingine.

---

MamaWatatu

Wadau, na ngazi je? Nina babangu, miaka 74, goti moja limefanyiwa upasuaji. Anatamani sana kuiona Lamu.

---

BintiMvita

Nisikudanganye dada yangu, ngazi ni kali. Vidato ni virefu, vyembamba, na vingine havilingani. Mama ana miaka 68 na magoti yake mazima lakini alishuka kwa kushika ukuta. Vyumba vyenye upepo viko juu, na chai inanywewa darini, yaani juu kabisa. Omba chumba cha chini na uombe chai iletwe kiwandani, wenye nyumba wengi watakubali ukizungumza mapema. Vyumba vya chini ni vya baridi lakini vina kiza, na hapo ndipo swali la simiti linapokuwa muhimu mara mbili, maana unyevu unaanzia chini. Njiani atatembea kwa miguu au apande punda, gari haliingii vichochoroni. Kutoka gatini hadi ngome si mbali, tambarare, anaweza. Ngome hiyo ilikuwa jela mpaka 1984, sasa ni ya makumbusho, na viti vya kivulini vya pale Mkunguni mbele yake vitamfaa kuliko ngazi yoyote.

Jingine: maji. Mji unakunywa visima vya michanga ya Shela, na siku moja yalikatika asubuhi nzima. Tulioga kwa kata kutoka birikani. Mama alifurahi, mimi nilihesabu kata.

---

WaMkomani

Nimesoma yote, na nimefurahi mama amerudi kwao. Ila niseme lisilosemwa na watu wa safari.

Nyumba zetu zilijengwa zisionane. Ndiyo maana ukuta wa nje hauna madirisha, mwanga unatoka kiwandani. Ndiyo maana mlango unakata kona, kama alivyoeleza dada. Jiko la zamani liko juu, darini, ili moshi uende zake na wanawake wapate hewa bila kuonekana. Sasa jirani yetu ameuza, aliyenunua ameongeza orofa ya makuti juu ya dari, ameweka vitanda vya kamba, na wageni wanaambiwa pandeni mkaone machweo. Machweo ni mazuri, sikatai. Lakini kutoka pale wanaona jiko letu na kiwanda chetu chote. Wanapiga picha. Wengine wamevaa nguo za kuogelea.

Mamangu huvaa buibui kupanda jikoni mwake. Nyumbani kwake, alikozaliwa, anavaa buibui kwenda kukaanga samaki.

Tulikwenda kuzungumza, tukaambiwa itatazamwa. Ni mwaka wa pili.

Siwakatazi kuja. Mukija, ulizeni hilo pia: dari yenu inaangalia wapi? Na mkiwa juu, tazameni baharini. Bahari ni kubwa inatosha.

---

Msafiri_Nairobi

Pole sana dada. Mimi nitasema wazi kwamba uzi huu unanipa wasiwasi. Mji umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ni mji unaoishi, watu wamo ndani. Kila nyumba ikigeuka gesti, na nyingine zinafungwa miezi kumi mwenyewe yuko Ulaya, Mkomani inabaki na nani? Nimepita vichochoro vya pale saa mbili usiku, milango mitano mfululizo ina kufuli. Nyumba imepakwa chokaa safi na haina sauti ya mtoto. Afadhali iwe na simiti na watoto wamo.

---

FundiWaLangoni

Ndugu, ikiwa na simiti watoto watatolewa chini ya kifusi. Lakini la kufuli umesema kweli.

---

WaMkomani

Msafiri, nikujibu mimi maana ni letu. Nyumba Lamu ilikuwa ya mtoto wa kike. Binti akiolewa anapewa nyumba, au orofa, au wanajengewa wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro, ili nyumba ya binti iungane na ya mama. Zile wikio munazopiga picha mukipita chini yake, hiyo ndiyo habari yake. Leo nyumba yetu ina warithi kumi na mmoja. Wanne Mombasa, wawili Ughaibuni, mmoja hatujui alipo. Boriti moja ikivunjika hakuna aliye tayari kutoa fedha peke yake, na kuomba ruhusa ya kutengeneza kunataka saini zao wote. Kwa hiyo zinauzwa. Si kwamba tunapenda.

Nyumba ambayo mwenyewe yumo, amekodisha sabule na orofa moja ili apate pesa ya boriti na chokaa, hiyo siikatai hata kidogo. Hiyo inatuweka. Ninayoikataa ni ile ambayo mgeni anamkuta mgeni.

---

Msafiri_Nairobi

Hapo nimekuelewa na naondoa nililosema juu ya simiti. Nilikuwa sijui habari ya warithi.

---

BintiMvita

WaMkomani, nilisoma ujumbe wako jana usiku na sikulala vizuri, kwa sababu nilipanda darini kila jioni na sikuwahi kujiuliza nani yuko ng'ambo ya ukuta. Asubuhi nimempigia mzee. Ameniambia upande wa jirani ukuta wa dari umeinuliwa kimo cha mtu, na aliyedai uinuliwe ni mamake mwenyewe, kabla hajaruhusu mgeni wa kwanza kuingia. Bibi yumo bado, chini, chumba cha ndani kabisa. Sasa naelewa kwa nini kila asubuhi mama alikuwa akitoweka nusu saa na kurudi na halwa. Alikuwa akikaa naye.

Usiku wetu wa mwisho umeme ulikatika. Tulikaa chumbani na taa ya chemli, na mama akaanza kunieleza zidaka, kimoja kimoja, kwa vidole. Hapa shangazi aliweka sahani za harusi. Hapa msahafu, juu, mtoto asifikie. Hapa chupa ya mawaridi. Zidaka vya nyumba ile sivyo vya nyumba ya shangazi yake, ile iliuzwa zamani na hatukuupata mlango wake. Lakini vimepangwa vile vile, safu kwa safu, na yeye alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama.

MamaWatatu, nimekutumia namba ya mzee faraghani. Mwambie habari ya goti la baba mapema. Ukifika Mokowe mpigie, atakuja gatini mwenyewe na kofia yake ya vito, na ndiye atakayemshika mkono baba vile vidato vitatu vya daka.